Pima ya Nani?



Wiki hii biharusi mmoja ametuuliza kama mikoba ya ukili inafaa kuwatunza wageni wa harusi. Inafaa, tena sana. Lakini kabla hatujazungumzia rangi na bitana, tuna jambo la kukiri.

Sisi ni mafundi wa cherehani hapa Matemwe. Kushona tumesomea, lakini kusuka ukili hatuwafikii wazee wetu, basi tunanunua kwao. Ukili huuzwa kwa pima, na pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Mwaka jana tulipata oda kubwa ya mikoba kutoka Mjini, na bibi mmoja jirani yetu akatusukia. Kauanika ukindu, kauchana, kautia rangi kwenye maji yanayochemka, kasuka usiku na mchana. Alipoleta alisema ni pima 50. Sisi tukapima upya kwa mikono ya fundi wetu aliye mrefu kuliko wote. Ikatoka 44, tukamlipa 44.

Bibi hakugomba. Alitazama mikono yake tu, akasema, "Haya wajukuu zangu. Mungu kaniumba mfupi."

Neno lile lilitukosesha usingizi. Suratul Mutaffifin tumeihifadhi tangu chuoni. Onyo lake kwa wanaopunja vipimo tukidhani ni la wauza mchele na mizani zao. Kumbe bei tulipatana kwa pima yake, na kupima tukapima kwa yetu.

Siku zile tulikuwa tukisoma habari za Emily Kame Kngwarreye, bibi wa jangwani katika wenyeji wa asili wa Australia. Mwaka 1977 alianza batiki, nta na rangi juu ya kitambaa, pamoja na wanawake wenzake wa Utopia. Turubai aliishika kiasi cha mwaka 1988, umri wake ukikaribia miaka 80. Alichora nchi yake na viazi vya porini vya kwao, na mpaka anafariki mwaka 1996 picha zake zinakisiwa kufika 3,000. Mwaka 2007 moja katika hizo, Earth's Creation, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni moja za Australia. Mwenyewe alikuwa keshazikwa zaidi ya miaka 10.

Tukajiuliza, mkoba mmoja Mjini tunauza kwa bei gani, na pima ya Bibi tumenunua kwa bei gani? Hatukupenda jawabu.

Baada ya Alasiri tukaenda kwake na pesa za pima sita, na nyongeza kutokana na faida, tukamuomba radhi. Alitusamehe, akatupa na chai. Tukakubaliana kuwa ukili wake tutaupima kwa mikono yake, na malipo siku ile ile anapoleta, kama Mtume (S.A.W.) alivyotufundisha kumlipa mfanyakazi bila kumcheleweshea.

Tukamuomba pia tuandike jina lake ndani ya mkoba. Akacheka. "Mtindo huu kanifunza marehemu mama, na yeye kafunzwa na wenziwe wakisuka barazani. Mtaandika majina mangapi? Andikeni Matemwe."

Basi ndani ya kila mkoba wetu pameandikwa Matemwe.

Sasa biharusi wetu, ukitaka mikoba agiza mapema, miezi mitatu kabla, maana ukili hausukwi kwa mashine. Ukipenda, chagua rangi ziende na kisutu chako, nyekundu na nyeusi. Na ukinunua mkeka wa chumbani mwako, muulize muuzaji kasuka nani, na kalipwa nini. Baraka ya nyumba mpya huanzia kwenye vitu tunavyoingia navyo.

Allah atutakasie chumo letu na azibariki ndoa zenu. Aamin.