Kuvuka Mweru: Anga ya Nchelenge na Anga ya Ng'ambo

Kwa mkazi wa Nchelenge, katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, nchi ya kigeni iliyo karibu kuliko zote ni Kongo, ambako mji wa Kilwa umekaa ng'ambo ya Ziwa Mweru, kilomita zipatazo 45 kuelekea magharibi, na katikati ya maji kuna kisiwa ambacho nacho huitwa Kilwa ingawa ni cha Zambia. Majina haya humtega msafiri kabla hajapanda boti, kwani anayeandika neno Kilwa katika simu ili asome utabiri wa hali ya hewa anaweza kuletewa Kilwa ya mkoa wa Lindi, pwani ya Tanzania, zaidi ya kilomita 1,000 mashariki, ambako joto na upepo hutawaliwa na Bahari ya Hindi, ilhali Mweru liko mita zipatazo 920 juu ya usawa wa bahari.

Akishapata mahali sahihi, msafiri hana budi kuangalia saa, maana picha za setilaiti na ramani za hali ya hewa huandikwa kwa saa ya dunia, yaani saa moja itumikayo kila mahali bila kujali jua limefika wapi, na saa za Zambia ziko mbele yake kwa saa 2. Picha yenye alama ya 1200 basi ni ya saa nane mchana wa Nchelenge.

Jambo zito zaidi ni upepo. Kuanzia Mei hadi Agosti, wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki, ambao ni ndugu wa kusi ya pwani, huvuma kutoka nchi kavu ya Zambia kuelekea ziwani, na kwa hiyo maji yaliyo karibu na fukwe za Nchelenge na Kashikishi huwa yamekingwa, yakaonekana tulivu hata siku ambayo katikati ya ziwa pamechafuka. Wimbi hukua kadiri upepo unavyopata nafasi ndefu ya kulisukuma juu ya maji, na kwa kuwa Mweru lina kina kifupi, ambacho kwa wastani hakifiki mita 10, mawimbi yake huwa mafupi, yenye kusimama wima na kufuatana upesi, jambo linaloitesa mashua ndogo kuliko wimbi refu la baharini. Anayeondoka na upepo huo mgongoni hauhisi uzito wake. Huuhisi wakati wa kurudi, unapompiga usoni kutoka kuliani, na ndiyo maana utabiri wa siku ya kurudi unastahili kusomwa kwa makini zaidi kuliko ule wa siku ya kwenda.

Masika, ambayo huku huanza karibu na Novemba na kwisha Aprili, yana hesabu nyingine. Utabiri unaotaja uwezekano wa mvua wa asilimia 40 hausemi kwamba itanyesha sehemu hiyo ya siku, bali kwamba katika siku 10 zenye anga ya namna hiyo, takriban 4 hupata mvua mahali hapo. Na kompyuta inayokokotoa hesabu hiyo huigawa dunia katika miraba yenye upana wa kilomita kadhaa, hata dhoruba ndogo ya radi ikaweza kuzaliwa na kufa ndani ya mraba mmoja. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji na kuinua mawingu juu yake, kwa hiyo busara ni kuondoka alfajiri na kufika kabla ya adhuhuri.

Boti inapokipita kisiwa, ufuo wa Zambia huwa umezama nyuma, na lugha nayo hubadilika, Kibemba kikipisha Kiswahili cha Katanga. Huko Kilwa, kabla hata ya kutafuta chakula, msafiri mwangalifu huwauliza wavuvi wanaoanika nyavu maji yalikuwaje usiku uliopita, kwa sababu wao wanakaa upande ambao upepo huishilizia mawimbi yake, na jibu lao ndilo humwonyesha kama kesho atavuka au atalala siku ya pili.