Chumba cha Nyuma ya Kayaba

Mama aliajiriwa kazi ya yaya huko Karen, Nairobi, mwaka 1974, nami nikiwa na miaka mitatu. Nyumba ya mwajiri wake ilikuwa karibu na Barabara ya Bogani, ya mawe ya kijivu na paa la vigae, na sisi tulikaa nyuma yake, ng'ambo ya ua wa kayaba, kwenye safu ya vyumba vitatu vya paa la mabati. Safu hiyo iliitwa boi kota. Chumba cha kwanza kilikuwa cha mpishi, cha pili cha shamba boi, cha tatu chetu. Huyo shamba boi alikuwa na wajukuu Machakos. Mama aliniamuru nimwite Babu, na ndivyo nilivyomwita hadi tulipohama, lakini pale mbele, kwenye veranda, aliitwa boi siku zote. Neno lenyewe limeingia hata kwenye kamusi zetu: boi ni mtumishi wa nyumbani, awe na mvi au asiwe nazo.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nikaelewa kwa nini Karen nzima ilijengwa hivyo. Ardhi ile ilikuwa shamba la kahawa, na mlowezi wa Kidenmaki, Karen Blixen, alipoliacha mwaka 1931 kwa sababu ya hasara, lilikatwa viwanja vya makazi ya Wazungu. Wakikuyu waliokuwa wakilima na kufuga humo walitafutiwa ardhi upande wa Dagoretti. Tangu hapo Mwafrika aliyelala Karen alilala kwa sababu ya kazi, na mahali pake palikuwa nyuma, karibu na tangi la maji na shimo la taka. Karen ilitiwa ndani ya mipaka ya jiji la Nairobi mwaka 1963, mwaka wa uhuru, lakini ramani ya kila ua haikuguswa.

Jumapili ndipo nilipojifunza majina mengine. Mjomba alikuwa mfanyakazi wa reli akikaa Muthurwa, na pale hawakusema kota wala nyumba. Walisema landhi. Chumba kimoja kwa familia nzima, mfereji wa pamoja, bafu za pamoja, na kelele za watoto ambazo mimi, mtoto wa Karen niliyezoea kunong'ona, nilizionea wivu. Shangazi alikuwa Pumwani, Majengo, kwenye nyumba ya Kiswahili: mlango wa mbele, korido ndefu, vyumba huku na huku, kila chumba na mpangaji wake, uani jiko na choo. Shangazi hakusema "naishi kwa fulani." Alisema "nina chumba changu." Mama hakuweza kuyatamka maneno hayo, maana chumba chetu kilikuja na kazi na kingeondoka na kazi.

Kikaondoka kweli. Nilipofika miaka kumi na miwili mwajiri alisema mtoto amekuwa mkubwa, na yaya hakuajiriwa pamoja na familia. Mama akabaki kazini, mimi na yeye tukahamia Kawangware, akawa anadamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu ya Dagoretti Corner. Huko tukawa watu wa ploti. Neno lilitoka kwa wapimaji ardhi, likiwa na maana ya kipande cha ardhi tu, lakini Nairobi limeota nyumba juu yake: safu mbili za vyumba zinazotazamana, uchochoro katikati, kamba za nguo juu, mfereji mmoja, choo chenye kufuli na ufunguo unaoning'inia kwenye kipande cha ubao. Watu hawakuuliza unakaa mtaa gani. Waliuliza ploti gani. Mwenye ploti alizima stima saa nne usiku, nasi tukajua saa bila saa.

Maneno mengine yalikuja haraka. Singo, chumba kimoja kitupu. Bedsita, chumba kimoja chenye choo na pa kupikia. Wanangu wakaja na keja, neno la Sheng lililotoka kwenye neno la Kiingereza la tundu la ndege, cage. Mwanangu alipopanga chumba chake cha kwanza Ngando alinipigia simu akiwa na furaha, "Mathe, nimepata keja!" Mimi nikanyamaza kidogo, nikifikiria mtu anayeita nyumba yake tundu. Kisha nikakumbuka kuwa yeye angalau alilipa kodi kwa jina lake. Mezoneti nayo ni jina la Kifaransa la kijumba, lakini Nairobi ni nyumba ya ghorofa moja juu, ya watu wenye uwezo. Na ghorofa yenyewe kwa Kiarabu ni chumba tu. Sisi ndio tuliokipandisha.

Lakini neno nililolifuatilia kwa karibu ni lile letu. Baadaye boi kota ilianza kuonewa haya. Matangazo ya nyumba yakaandika sabanti kota, kisha esikyu (SQ), kisha di-esikyu (DSQ). Ukizitamka herufi hizo hutaji mtumishi hata kidogo, na nadhani ndiyo sababu zilipendwa. Zikapanda ghorofa. Nenda Kilimani au Kileleshwa, ambako bangaloo na bustani zake zimebomolewa: "fleti ya vyumba vitatu na di-esikyu." Chumba hicho kipo nyuma ya jiko, kando ya mashine ya kufua. Nimekiona mara nyingi nikitembelea marafiki, na kila mara nimejikuta nikitafuta mlango wa nje. Hakuna. Sisi boi kota ilitudhalilisha kwa jina, lakini tulikuwa na mlango wetu, jiko letu la makaa, jua letu, na Babu wa Machakos wa kuzungumza naye jioni. Yaya wa fleti akitaka kutoka hupitia sebuleni kwa mwenye nyumba.

Karen imepinga maghorofa kwa muda mrefu, wakazi wakitaja visima na matangi ya choo ya kila ua, maana sehemu kubwa haina bomba la majitaka la jiji. Hata hivyo mageti yamezidi: vila na taunhausi, nyumba ishirini palipokuwa na moja.

Mwaka jana niliona tangazo la studio ya kupanga, si mbali na Bogani. Nikaenda, sikumwambia mtu. Kijana wa geti akaniongoza, "Karibu mama, huku nyuma." Kayaba ilikuwa imeng'olewa. Safu ilikuwa ileile, imepigwa rangi nyeupe, mabati yamebadilishwa. Chumba cha tatu kilikuwa na vigae sakafuni, sinki ya jiko dirishani, na kwenye kona choo na bafu nyuma ya ukuta mpya. Dirisha lilikuwa pale pale.

Jioni nilimpigia mama, ambaye sasa yuko nyumbani Murang'a. Nikamweleza rangi, vigae, kodi. Akasikiliza bila kukatiza.

"Choo wameweka ndani?"

"Ndiyo, mama. Kwenye kona ile ya mkono wa kulia."

Akanyamaza, akikipima chumba kichwani.

"Sasa kitanda wanaweka wapi?"