Kufanana Majina Si Ushahidi

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Dowa, Malawi

Mwanangu mpendwa,

Babu yako kifua kimetulia, na wadogo zako wanauliza kila siku chuo kinafunga lini.

Nimeiona picha uliyotuma katika kundi la WhatsApp la familia: ukurasa wa hati za mahakama, jina moja limezungushiwa mstari mwekundu, na chini yake umeandika, "Si ndiye jirani yetu huyu?" Najua hukuandika kwa ubaya. Unasoma historia huko Lilongwe, na kuuliza kilichotung'oa kwetu ni haki yako. Ila naomba uifute leo, kisha unisikilize.

Kwanza nikuambie kuwa nafurahi kukuona ukichimba. Zamani aliyetaka kusoma kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 ilimbidi afunge safari hadi Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa huko, ilifunga kazi mwishoni mwa 2015, na leo rekodi zake zilizo wazi unazisoma kwa simu, ukiwa umekaa Lilongwe. Kigali nako makaratasi ya gacaca, mahakama za jamii zilizosikiliza karibu kesi milioni mbili hadi zilipofungwa mwaka 2012, yamekuwa yakipigwa picha, mamilioni kwa mamilioni ya kurasa, yasioze na yasiliwe na mchwa. Mtafiti anaweza kulinganisha mashahidi wa vilima kumi, akaona nani aliweka kizuizi wapi na siku gani. Kazi hiyo ilikuwa ya miaka. Sasa inaweza kuwa ya majuma.

Lakini mashine hutafuta herufi, haitafuti mtu. Sisi wa Kongo tumeishi na Wanyarwanda na Warundi, tunajua: wengi wao hawarithi jina la baba. Kila mtoto hupewa lake. Ndugu wa tumbo moja huweza kuwa na majina yasiyohusiana, huku watu wawili wasiojuana, mmoja wa Cyangugu na mwingine wa Kibungo, wakaitwa sawasawa. Karani huyu ameandika Habyarimana, yule Habyalimana. Isitoshe, jina likiwa kwenye hati ya kesi halijakwambia mwenyewe alisimama upande gani. Huenda ni mshtakiwa, huenda ni shahidi, huenda ni marehemu anayeliliwa. Ukurasa wako ulikatwa juu na chini. Ulijuaje?

Tazama jinsi wenye kazi hii wanavyoyalinda majina. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ya Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa tarafa ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa mauaji ya kimbari, na ubakaji ukatambuliwa kuwa sehemu ya uhalifu huo. Wanawake waliousimulia wamo katika hukumu kwa herufi tu, Shahidi JJ na wenzake. Na ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo yetu, ile iliyotoka Oktoba 2010, inaeleza matukio 617 ya kati ya Machi 1993 na Juni 2003, lakini orodha ya wanaotuhumiwa haikutangazwa. Iliwekwa kwa siri. Uchunguzi wa mwanzo si hukumu, nao waliliheshimu hilo.

Sisi huku tuna sababu zaidi. Kambi hii, iliyokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda, ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao elfu kumi na kidogo; leo tumepita elfu hamsini. Aliyefiwa na aliyesingiziwa wanapanga foleni kwenye pampu moja ya maji. Picha ikitoka kwa shemeji yako ikaingia kundi la kanisa, jioni inajulikana kambi nzima. Mzee huyo, jirani yetu, hana mji mwingine wa kuhamia, na watoto wake wanasoma darasa moja na wadogo zako.

Sisemi wenye damu mikononi wafichwe. Ukipata jambo zito, tafuta mwaka na mahali pa kuzaliwa, jina la baba na la mama, soma faili lote, kisha mpelekee mwalimu wako na wenye mamlaka ya sheria. Haki ina mlango wake, na kundi la familia si mlango huo.

Kuna kazi nyingine inayokungoja. Kuhusu Rwanda yameandikwa mengi. Kuhusu mauaji ya Burundi ya 1972 na yaliyovipata vijiji vyetu vya Kivu, mengi bado yamo vichwani mwa wazee wa hapa, na wazee wanaondoka. Njoo na simu yako uwarekodi. Mwulize kila mmoja kwa lugha yake, mweleze sauti yake itakwenda wapi, na akisema hapana, zima. Andika tarehe na kijiji. Mwachie nakala yake, na jina lake usilitoe bila ruhusa.

Leo andika katika kundi kwamba picha ile haikuthibitishwa, na kila aliyeisambaza aifute. Jumamosi panda minibasi uje. Babu yako amekubali kuwa wa kwanza kusimulia, ila anataka umsikilize mpaka mwisho.

Nakupenda sana, mwanangu.

Shangazi yako