Mawe ya baraza yetu

Wiki iliyopita mmoja wetu aliniuliza, tukingoja boti ya Bukavu, kwa nini nyumba yetu ya Ntambuka imerudia baraza ya mawe wakati kila mtu anatafuta simenti. Nilicheka tu, maana boti ilikuwa inafika. Jibu lenyewe ni refu na lina haya ndani yake.

Baraza ile aliijenga marehemu baba mkwe, kabla sijazaliwa. Mawe yake ni ya hapa kisiwani, magumu, ya kijivu, mengine yanametameta kama yamemwagiwa chumvi. Si yale meusi yenye vitundu ya Bukavu, yaliyotoka kwenye moto wa volkeno. Aliyapanga juu ya changarawe, na kati ya jiwe na jiwe akaweka chokaa na mchanga. Mama mkwe aliyafagia kila asubuhi, na kiangazi kikianza aliyasugua kwa maji na ufagio mgumu. Basi. Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilipotikisa Bukavu na sisi wa ziwani na ng'ambo ya Rwanda, chokaa ilipasuka hapa na pale, lakini hakuna jiwe lililovunjika. Walijaza nyufa, maisha yakaendelea.

Mimi niliingia nyumba hiyo na diploma yangu ya ISP Bukavu na macho ya mjini. Niliona mawe yasiyolingana na viti vinavyocheza wageni wakikaa. Arusi ya shemeji ilipokaribia, zamu yangu ya likelemba ilikuwa imefika. Nikanunua simenti mifuko minne, nikaita fundi kijana. Mume wangu alikuwa kazini Bukavu, sikumuuliza. Mama alisimama mlangoni, akasema neno moja tu:

«Mama Neema, maji yatapita wapi?»

Nikamjibu, «Mama, simenti haipitishi maji.» Nilisema hivyo kwa sauti ile ya darasani. Naikumbuka mpaka leo.

Arusi ilipendeza, baraza ikang'aa kama sahani. Kisha mvua za Septemba zikaanza. Zamani unyevu wa udongo ulipanda na kutokea polepole kati ya mawe, na maji ya mvua yaliteremka humohumo hadi kwenye changarawe. Sasa njia zote zilikuwa zimefungwa. Unyevu ukatafuta ukuta. Kufika Oktoba, chini ya dirisha kulitoka unga mweupe kama chumvi, udongo wa ukuta ukaanza kumomonyoka. Nami nilipaka rangi juu yake, eti doa litaondoka.

Mwezi wa Novemba, asubuhi ya mvua, Mama alitoka na beseni la maharage. Fundi alikuwa amelainisha simenti kwa mwiko mpaka ikawa kama kioo, jinsi nilivyomwomba mwenyewe. Aliteleza, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Wageni walipokuja kumpa pole aliwaambia, «Niliteleza.» Hakusema simenti, hakusema mkwe wangu. Afadhali angesema.

Nilimtafuta mzee mmoja mwashi, aliyewahi kujenga na mawe tangu ujana wake. Alipiga simenti kwa nyundo ndogo, akasikiliza, akatikisa kichwa. Kuitoa kulichukua siku tano, kwa patasi, kidogo kidogo, na bado mawe mawili yalipasuka pamoja nayo. Hapo ndipo alinifundisha kazi yake: kiungo lazima kiwe laini kuliko jiwe. Nyumba ikisogea, apasuke yule anayeweza kutengenezwa. Chokaa utaijaza tena mwakani. Jiwe la baba mkwe utalipata wapi? Baadaye nilisoma kwamba hata Mji Mkongwe wa Unguja umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kwamba huko nao simenti imeharibu kuta nyingi za zamani kwa kuzifungia unyevu ndani.

Tulichanganya kipimo kimoja cha chokaa na vitatu vya mchanga uliooshwa vizuri. Tulikwangua nafasi kati ya mawe, tukazilowesha, tukashindilia chokaa kwa kijiti, si kuipaka juujuu. Halafu majani ya migomba yakafunika yote, tukayanyunyizia maji wiki nzima, kwa sababu chokaa ikikauka haraka inakuwa unga; inataka muda wa kuvuta hewa ili irudie ujiwe. Watoto wakae mbali, wamama. Chokaa mbichi inachoma ngozi, na ikiingia jichoni ni hatari kubwa. Mimi nilifunga mifuko ya plastiki mikononi. Ngazi mbili zilizokuwa zimechakaa mzee alizigonga kwa ncha ya patasi ili mguu ushike, sawasawa na tunavyogonga jiwe la kusagia likishakuwa laini na kukataa mtama. (Hilo la kusagia lisiguswe na sabuni kamwe, mtajua kwenye uji.)

Jambo la limau nililijaribu na wanafunzi wangu. Tulidondoshea jiwe la kisiwa: kimya. Tukadondoshea chokaa kavu: povu. Kwa hiyo limau na siki, ambazo wengi wetu tunazipenda kwa kusafishia, zinakula viungo vya baraza hata kama jiwe lenyewe halionyeshi kitu. Maji na ufagio vinatosha. Mafuta ya mawese yakimwagika, mimi huweka udongo mweupe uliolowa kidogo, nauacha mpaka ukauke na kuyavuta, kisha nafagia. Doa la zamani linataka mara mbili au tatu. Ukijani wa mvua husuguliwa, haupakwi kitu.

Ukuta ulichukua kiangazi kizima kukauka. Mkono wa Mama umepona ila hauinui sufuria kubwa. Hiyo sasa ni kazi yangu. Jioni moja nilimwomba msamaha, tukichambua maharage palepale barazani. Alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha kwa kidole ngazi ya mlango wa jikoni, ambayo bado ina simenti yangu.

Zamu yangu ya likelemba inarudi mwezi wa sita. Mzee nimeshamwambia.