Baende Kwabo!



Katika somo la Kiingereza tulijifunza maneno mawili: "good riddance". Mwalimu aliuliza yanasemwaje kwetu. Kalasi nzima tukajibu: "Baende kwabo!" Tulicheka, lakini si kwa muda mrefu, maana sisi wa Luvungi neno hilo tumekwisha kulisema.

Tulipokuwa wadogo tulikimbia nyuma ya magari meupe ya MONUSCO tukiomba biskuti. Lakini wakubwa wetu walikuwa wanakumbuka Mutarule. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa kule, wengine wakiwa katika ibada. Askari wa ONU walikuwa Sange, kilometa 9 tu, hawakufika kuzuia. Toka hapo watu waliuliza: "Basi banafanya nini hapa?"

Tarehe 28 Februari 2024 kambi yao ya Kamanyola ilipewa polisi wa Kongo. Kufika mwisho wa Juni, kazi ya MONUSCO katika Kivu ya Kusini ilikuwa imekwisha. Sisi nasi tukapiga kelele: "Baende kwabo!" Mama mmoja jirani yetu, muuza ndizi, peke yake hakufurahi. "Watoto," alisema, "nani sasa atakesha usiku juu yenu?" Tulimcheka. Tulifikiri analilia wanunuzi wake.

Februari 2025 Bukavu ilianguka mikononi mwa M23, na siku chache baadaye Kamanyola. Desemba mwaka ule mapigano yakafika Luvungi. Tulikimbia na magodoro kichwani.

Hatusemi kwamba wangebaki tungepona. Mutarule inatukataza kusema hivyo. Lakini kosa letu tumeliona. Wazee walisema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Sisi tuligeuza: mgeni aende, mwenyeji apone. Kumbe mgeni anaweza kwenda, na ugonjwa ukabaki nyumbani. Yale maneno ya Kiingereza yanashangilia mzigo uliotuliwa tu. Nyumba italindwa na nani, hayaulizi. Ni sisi tulipaswa kuuliza.

Mama yule hatujamwona tena tangu siku ya kukimbia. Mama, kama mtu anakusomea ukurasa huu, utusamehe. Hukuwa unalilia ndizi.