Kutoka Nyali Hata Kibo



Mwezi wa Februari mwaka jana tulimzika binti yetu, aliyekaa nasi miezi saba tu. Wapendwa wengi walitujia, wakalia nasi, wakatukumbusha agizo la Mtume Paulo juu ya kushukuru. Sisi wazazi wake tu waalimu. Agizo hilo tumewafundisha watoto wa shule mara nyingi. Walakini kila tulipopiga magoti jioni, maombi mengine yalitoka, shukrani haikutoka. Basi shule zilipofungwa mwezi wa Agosti tukafunga safari, kutoka Mombasa hata Moshi, kwa ndugu yetu aliyekuwa akituita siku nyingi.

Kwanza tulivuka daraja tukaenda Nyali, mahali alipozikwa Rosina, mke wa Johann Ludwig Krapf. Habari zake tulizijua katika vitabu, ila kaburi lake hatukupata kuliona. Walifika Mombasa mwaka 1844, nao walikwisha kumzika mtoto mmoja njiani, huko Uhabeshi. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Rosina alijifungua binti, akashikwa na homa, akafa. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani na homa hiyo hiyo. Tulisimama pale, upepo wa bahari ukivuma, na ng'ambo ya maji ukionekana mji wa kale wa Mombasa. Hatukusema neno. Tulimfikiri yule baba alivyoamka asubuhi ya pili, nyumba ikiwa kimya.

Tena tukakumbuka kwamba mwaka huo wa 1844 ndipo alipoanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na Ali bin Muhidin, kadhi wa Mombasa. Kazi hiyo hakuiacha. Kamusi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa mwaka 1882, naye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Sisi tusomao na kufundisha kwa lugha hii tumekula matunda ya shamba lililolimwa kwa machozi, wala hatukuuliza ni nani aliyelima.

Siku ya pili tulipanda mpaka Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, penye minazi mingi na hewa nzuri. Huko Krapf alianza kazi mwaka 1846 pamoja na mwenziwe, Johannes Rebmann. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete mgonjwa, ambaye hakuishi siku nyingi baada ya ubatizo wake. Krapf aliporudi Ulaya, Rebmann alibaki. Alimzika mkewe mwaka 1866, macho yakafifia hata akawa kipofu, ndipo mwaka 1875 akarudishwa kwao Ujerumani, akafa mwaka uliofuata. Alikaa miaka 29. Tuliketi katika kivuli karibu na Kanisa la Mtakatifu Paulo, tukawasikia watoto wakicheza mbali kidogo. Mmoja wetu akasema polepole, "Huyu alikaa." Neno hilo tulilichukua njiani.

Kutoka Rabai Rebmann alikwenda kwa miguu hata Uchaga mwaka 1848, akiongozwa na Bwana Kheri. Walishika njia siku kumi na nne na zaidi. Tarehe 11 Mei Rebmann aliona weupe juu ya mlima, akamwuliza kiongozi wake ni nini. Naye akajibu kwamba hajui, ila adhani ni baridi. Habari ya theluji ilipofika Ulaya, wenye elimu wengine waliikataa, wakasema haiwezekani karibu na ikweta. Sisi tulipita Voi na Taveta kwa basi, tukafika Moshi siku ile ile jioni, wala mlima hatukuuona. Mawingu yalikuwa yameufunika wote.

Ndugu yetu akaa na mama mkwe wake kwenye mteremko, katikati ya migomba na kahawa. Asubuhi ya kwanza tuliamka mapema tuutazame mlima; hapakuwa na kitu ila ukungu. Bibi akatutolea vigoda, akatupa uji, akaketi nasi. Hakutufundisha, wala hakutufariji kwa maneno. Asubuhi ya pili mambo yakawa vivyo hivyo. Tukaona aibu kidogo kwa kukaa bure, kwa maana tumezoea kazi, na tangu msiba tulikuwa tukiikimbilia kazi ili tusisikie ukimya wa nyumba yetu. Yeye akasema tu, "Kaeni, wanangu. Mlima hauitwi."

Asubuhi ya tatu, tukiwa tumekaa vile vile, akauliza, "Mtoto wenu aliitwa nani?"

Katika wote waliotujia na kututia moyo, hakuna aliyetuuliza hivyo. Tukamtajia jina. Kisha tukamweleza alivyokuwa akicheka akimwona kuku, na alivyolishika sikio la baba yake hata asinzie, na jinsi jino lake la kwanza lilivyochomoza siku ya Krismasi. Bibi akacheka, nasi tukacheka, mara ya kwanza kwa ajili yake tangu tumzike. Tulipoinua macho, Kibo kilikuwa wazi chote, na theluji iliyosalia juu yake ilikuwa na rangi ya asubuhi. Hata saa tatu mawingu yakarudi.

Jioni ile tulipiga magoti, na shukrani ikatoka. Hatukushukuru kwa kuwa binti yetu alikufa. Hilo hatuliwezi, wala hatudhani kwamba Mungu atutaka tulifanye. Tulishukuru kwa kuwa alizaliwa, na kwa miezi saba. Tuliitaja mmoja mmoja.

Basi, wapenzi, mkienda katika nyumba yenye msiba, msifanye haraka kutoa mafundisho. Ketini kwanza. Ulizeni jina. Tena ninyi mliofiwa, msione haya kama shukrani ingali mbali. Kaeni kimya mbele za Mungu, kwa maana mlima huwapo hata wakati wa mawingu.

Neema ya Bwana ikae nanyi nyumbani mwenu.