Gita la Besi na Mkono Uliolizoea

Wahenga wetu walinena kwamba mazoea yana taabu. Usemi huu aghalabu hutumiwa kwa watu waliokaa pamoja kisha wakatengana. Sisi twapenda kuutumia hapa kwa mtu na chombo chake, yaani mpiga besi na gita lake, kwa kuwa liko jambo tulilolitenda ujanani ambalo hatukulielewa uzito wake mpaka umri ulipotufundisha.

Watu wengi waingiapo katika ukumbi wa dansi husikia kwanza sauti ya mwimbaji, kisha gita la solo, kisha tarumbeta. Besi hawaitambui kwa masikio; miguu yao ndiyo iitambuayo. Mpiga solo akikosea, wajuzi watacheka. Mpiga besi akinyamaza, ukumbi mzima utasimama kama gari lililozimika, na wachezaji watatazamana bila ya kujua kilichotoweka. Hiyo ndiyo kazi ya besi: kubeba wengine bila ya kuonekana.

Chombo chenyewe ni kijana. Zamani sauti hiyo ya chini ilitolewa na fidla kubwa ya kusimama, yenye kimo cha mtu. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa huko Marekani, alianza kuuza gita la besi la umeme aliloliita Precision, maana yake usahihi, kwa kuwa vijiti vya chuma vilivyopandikizwa shingoni mwake humwezesha mpigaji kuipata sauti barabara bila ya kubahatisha. Lina nyuzi nne nene. Uzi wa chini kabisa hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na sumaku zilizo chini ya nyuzi huunasa mtetemo huo na kuupeleka katika kipaza sauti.

Sisi tuliozaliwa Usukumani hatukuiona sauti hiyo kuwa ngeni. Katika mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu tuliikuta nguvu ya ngoma kubwa ikiwashikilia wachezaji, na ningi, yaani kiongozi wa ngoma, akiimba juu yake. Watemi nao walikuwa na ngoma zao, nazo zilikuwa mali ya kiti cha utemi, si za mtu. Utawala wa watemi ulikoma kwa sheria mwaka 1963, na leo mtu aendaye Bujora, karibu na Mwanza, ataziona ngoma za namna hiyo zimehifadhiwa katika makumbusho. Kwa hiyo jambo la mtu kukitunza na kukipiga chombo kisicho chake si jipya katika nchi yetu.

Sasa tujiulize: kwa nini mpiga besi hulipenda gita moja na kuyakataa mengine, hata kama hayo mengine ni mapya na yanang'aa? Wako wasemao kuwa huo ni ushirikina, na kwamba fundi wa kweli hupiga chochote apewacho. Maneno hayo yana ukweli wake. Fundi hupiga chochote, kama vile mkulima hodari alimavyo kwa jembe lolote. Lakini mwulize mkulima huyo jembe lake liko wapi, naye atakuonyesha lile lenye mpini uliolainika mahali anaposhika.

Gita nalo ni hivyo. Kila usiku kidole kinapoukandamiza uzi juu ya kijiti cha chuma, chuma hulika kidogo. Baada ya miaka, shingo huwa na mabonde madogo pale ambapo mpigaji huyu, si mwingine, hupenda kupita. Rangi huchubuka pale mkono wa kulia unapoegemea. Nyuzi nazo huzeeka. Ule mlio mkali wa upya huondoka, ikabaki sauti nzito, iliyotulia. Si chombo tu kinachobadilika. Vidole hufanya sugu, bega huzoea uzito, na mkono wa kushoto hujifunza umbali wa kila sauti hata gizani. Mtu amelichonga gita, na gita limemchonga mtu. Mpe jingine, naye atapiga, lakini itambidi afikiri. Na mpiga besi anayefikiri mahali pa kuhisi huwa amekwisha kuchelewa.

Yuko Mmarekani mweusi aliyeitwa James Jamerson, ambaye besi yake imo katika nyimbo nyingi zilizotolewa na kampuni ya Motown ya mjini Detroit katika miaka ya 1960. Gita lake lilikuwa Precision la mwaka 1962, naye alisifika kwa kutobadilisha nyuzi mpaka zikatike. Gita hilo liliibwa mwaka 1983, mwaka ule ule aliofariki. Hatusemi kwamba wizi ndio uliomwua. Twasema tu kwamba kila mpiga besi tuliyemsimulia habari hii alinyamaza kwanza, kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pili. Bendi zetu nyingi za dansi zilikuwa za mashirika na jumuiya. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Majeshi yalikuwa na bendi zake, na mashirika ya umma pia. Utaratibu huo ulikuwa na heri nyingi: mwanamuziki alipata mshahara, na vyombo, ambavyo vilikuwa ghali na vikihitaji fedha za kigeni, vilinunuliwa na mwajiri. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, fedha hizo zilipoadimika, uzi mmoja wa besi ulikuwa neema. Wapigaji walizichemsha nyuzi kuukuu katika sufuria ili uchafu utoke nazo zirudishe mlio. Lakini vyombo havikuwa vyao. Mwanamuziki alipohama bendi, alihama na kidole chake na koo lake, gita lilibaki.

Katika mkoa wetu maneno haya hueleweka upesi. Tangu almasi zilipogunduliwa Mwadui mwaka 1940, watu wa Shinyanga wamejua maana ya kushika mkononi kitu cha thamani kisicho chako. Hata hivyo, hatujapata kumwona mchimbaji akiililia almasi. Tumewaona wachimbaji wadogo wa upande wa Geita wakigombana kwa ajili ya nyundo na tindo, kwa kuwa mpini ule aliuchonga mwenyewe na kiganja chake kinaujua. Mapenzi ya mtu na chombo hayatoki katika bei, wala hayangoji hati ya kumiliki. Hutoka katika kazi.

Na sasa tuungame. Katika miaka ya 1990, mashirika mengi ya umma yalipokuwa yakiuzwa au kufungwa, sisi tulikuwa mtumishi mchanga wa serikali mjini Shinyanga. Tuliteuliwa kuwa karani wa kamati iliyoorodhesha mali za shirika moja, ambalo hatutalitaja. Shirika hilo lilikuwa na bendi. Tuliikumbuka vizuri, kwa kuwa tulipokuwa wanafunzi tuliisikia kutoka nje ya ukumbi nyakati za msimu wa pamba, wakulima walipokuwa wamelipwa na mji ukichangamka. Hatukuwa na kiingilio. Tuliegemea ukuta, na ukuta ulitetemeka kwa besi.

Siku tulipofungua ghala tulivikuta vyombo vimejaa vumbi: ngoma zilizopasuka, vipaza sauti, na magita matatu. Mlangoni alisimama mzee mmoja. Mchana alikuwa mtunza ghala wa shirika lile, usiku mpiga besi wake. Tulimwamkia, "Mwangaluka, baba." Aliitikia, kisha akalichukua lile gita la besi, akalifuta kwa shati lake, akalipiga bila ya umeme, sikio akiwa ameliinamisha juu ya ubao. Hatukusikia kitu. Yeye alisikia.

"Mwanangu," alisema, "shirika hili lina deni langu la mishahara. Sitaki kesi na mtu. Nikateni humo humo, mnipe hili."

Tulimjibu kama tulivyofundishwa, "Taratibu haziruhusu, mzee. Vyote vitapigwa mnada. Njoo siku hiyo nawe utanunua kama wengine."

Alituuliza, "Nije na nini?"

Swali hilo hatukulijibu. Tuliinama juu ya daftari tukaandika: "Gita la umeme, nyuzi nne, kuukuu, moja." Katika safu ya thamani tuliandika kiasi kidogo sana, tukidhani kwamba kwa kufanya hivyo tumemsaidia. Alirudi siku ya pili na ya tatu, akasimama pale pale bila ya kusema neno, kisha hakurudi tena.

Siku ya mnada mfanyabiashara mmoja alivitaka vipaza sauti. Magita yaliwekwa pamoja navyo katika fungu moja, naye akayachukua kama mtu apewavyo nyongeza sokoni. Miezi mingi baadaye tuliliona lile la besi katika kilabu cha pombe, limetundikwa ukutani kuwa pambo, halina hata uzi mmoja.

Lililotuumiza zaidi lilikuja baadaye. Mwenyekiti wa kamati ile, tulipomsimulia, alitwambia kwamba kamati ingaliweza kumpendekeza mzee yule kwa wakubwa, alichukue gita kwa bei tuliyoiandika na fedha zikatwe katika deni lake, lau mtu mmoja angaliandika mstari mmoja. Mwandishi wa mistari tulikuwa sisi. Tulikuwa tukitunga mashairi juu ya utu na kuyapeleka redioni yasomwe. Mstari huo mmoja hatukuuandika. Tulichoweza baadaye ni ubeti huu:

Gita si mti na waya, nyuzi nne mkononi,
Lina yake mazoeya, yaliyochongwa shingoni,
Kulitoa ni hizaya, kwa bei ya mnadani,
Kalamu haina haya, iandikapo thamani.

Hatuandiki haya ili kulaumu utaratibu wa mali ya umma. Mali ya umma isipoandikwa huliwa na wajanja, na mzee yule mwenyewe, aliyekuwa mtunza ghala, alilijua hilo kuliko sisi. Ndiyo maana aliomba wakati angaliweza kuiba. Funguo zilikuwa mfukoni mwake kwa miaka mingi. Twaandika ili kusema kwamba daftari lililo na safu ya jina la chombo, idadi, hali na thamani bado lina upungufu. Limekosa safu ya mtu aliyekitumia.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imeulinda wimbo wa mtunzi na upigaji wa mpigaji, na hilo ni jambo jema. Gita lililolika kwa vidole vya mtu halina sheria ya namna hiyo, wala pengine haliihitaji. Linahitaji afisa atakayeinua macho kutoka katika daftari na kumwuliza aliyesimama mlangoni: hiki ulikipiga kwa miaka mingapi? Ngoma za watemi zimepata makumbusho. Magita ya bendi zetu, yaliyowachezesha wakulima, makuli na walimu wa nchi hii, mengi yamekwisha kutawanyika, na mikono iliyoyazoea inazidi kupungua kila mwaka.

Mzee yule tulimwona mara ya mwisho stesheni ya reli, akingoja gari moshi la kwenda Tabora. Alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, fimbo ameilaza mapajani. Redio ya mtu ilikuwa ikilia karibu, dansi la zamani. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vikiikandamiza ile fimbo, vikipanda na kushuka, kila kimoja mahali pake. Tulimwamkia, akatuitikia kwa upole na kutuuliza habari za kazi. Tulimwambia kazi ni njema.